Bosi anasema tumalizane wenyewe, lakini kila tukikaa tunagombana upya

Swali

Mshauri,

Mimi ni msimamizi wa ghala katika kampuni inayouza vifaa vya ofisi kwa jumla. Chini yangu wako watu sita. Tulikuwa saba, mmoja aliondoka miezi minne iliyopita na nafasi yake haijajazwa mpaka leo. Kazi yetu ni kupokea oda kutoka idara ya mauzo, kutafuta mzigo, kuufungasha na kuukabidhi kwa dereva. Mwisho wa kupokea oda za siku ni saa nane mchana, na hilo limebandikwa ukutani.

Mkuu wa mauzo tuko naye ngazi moja. Kaka huyu anamwahidi mteja mzigo leoleo bila kutuuliza, kisha anatuletea oda saa tisa na nusu, wakati mwingine saa kumi, akisema ni ya dharura. Nikikataa anampigia bosi, na bosi ananiambia, "Wasaidie tu leo." Nikikubali, vijana wangu wanachelewa kutoka, na katika haraka hiyo makosa yanatokea.

Mwezi uliopita mteja mmoja mkubwa alipelekewa katoni 12 za karatasi badala ya 20. Kwenye kikao cha Jumatatu, mbele ya idara zote, kaka huyu akasema: "Mauzo tunahangaika kutafuta wateja, stoo wamelala." Watu wakacheka. Nilikaza meno nikanyamaza kikao kizima, na nilipotoka sikukumbuka hata tulichoamua kuhusu kuhesabu mzigo mwisho wa mwezi. Jioni akayarudia maneno hayohayo kwenye kundi letu la kazi la WhatsApp. Hapo nikamjibu kwamba mauzo ni mdomo tu, kazi hawaijui. Sijutii, maana yeye ndiye aliyeanza, na mimi siku hiyo nilikuwa kazini tangu alfajiri.

Tangu hapo hatuongei. Kila kitu ni barua pepe, na kila barua pepe bosi anawekwa kwenye nakala. Vijana wetu nao wamegawanyika. Zamani walikuwa wanaambiana mapema kwamba kesho kuna oda kubwa inakuja, sasa hakuna anayemwambia mwenzake. Bosi alituita akasema sisi ni watu wazima, tukakae tumalizane, na mimi hasa nijifunze akili ya hisia kwa sababu "napaniki". Tumekaa mara mbili, na mara zote mbili tumetoka tumegombana upya.

Hiyo akili ya hisia ni kitu gani zaidi ya kuambiwa ninyamaze? Huyu ni mtu wa kujionyesha, anapenda sifa. Mtu wa namna hiyo anabadilishwaje? Na je, ni mimi nianze kumfuata wakati mimi ndiye niliyekosewa?

Dada wa Ghalani

Jibu

Dada wa Ghalani,

Pole sana. Kuchekwa mbele ya wenzako kunauma, na kuambiwa baadaye kwamba tatizo ni wewe kupaniki kunaongeza chumvi kwenye kidonda. Tuanze na swali lako la kwanza, kwa kuwa bosi amekuandikia dawa bila kukueleza inatumikaje.

Akili ya hisia si kunyamaza. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer, ambao makala yao ya mwaka 1990 ndiyo iliyoliweka wazo hili kwenye ramani ya utafiti, waliieleza kuwa ni uwezo, na baadaye wakaugawa katika sehemu nne: kuzitambua hisia, zako na za mwenzako, kuzitumia katika kufikiri, kuelewa zimetoka wapi na zinaelekea wapi, kisha kuziongoza. Ulichofanya kwenye kikao hakimo katika hayo manne. Uliifunika hasira isionekane usoni, basi. Utafiti wa James Gross na wenzake umeonyesha kwamba mtu anapozuia hisia isionekane, hisia yenyewe haipungui. Mwili unaendelea kuchemka ndani, na kumbukumbu ya maneno yanayosemwa wakati huohuo inapungua. Ndiyo maana ulitoka hukumbuki mliamua nini kuhusu kuhesabu mzigo. Si uzembe. Akili yako ilikuwa na kazi ya kulinda uso, na kazi hiyo ina gharama. Bosi wako ameona ujumbe wa jioni akauita kupaniki, lakini kilichoharibika kilianzia asubuhi, pale ulipokaa na dharau ile saa nzima bila kusema hata sentensi moja.

Sentensi hiyo ingekuwa ipi? "Hilo la kulala silikubali. Oda ile iliingia saa ngapi na nini kilikosewa nitaleta kwenye karatasi, tulizungumze." Haina tusi, haina kujitetea kwa kirefu, na inamwonyesha kila aliyecheka kwamba umesikia. Ijifunze mpaka itoke yenyewe, kwa sababu mtu aliyeaibishwa hapati muda wa kutunga.

Sasa tuje kwenye mgogoro wenyewe. Ndani ya barua yako tunaona magomvi matatu yaliyofungwa katika furushi moja, na tunaamini hii ndiyo sababu vikao vyenu viwili vimeshindwa. La kwanza ni la kazi: oda zinazoingia baada ya saa nane. La pili ni la heshima: "stoo wamelala" kwa upande mmoja, "mauzo ni mdomo tu" kwa upande wa pili. La tatu ni la mamlaka: nani ana haki ya kusema oda hii ni ya dharura na ipite? Mkikaa, mmoja anaanza na la kwanza, mwingine anajibu kwa la pili, na la tatu, ambalo hakuna kati yenu mwenye uwezo wa kuliamua, linabaki chini ya meza likiwachoma wote wawili. Watafiti wa migogoro kazini, Karen Jehn akiwa miongoni mwao tangu miaka ya 1990, wanatenganisha kabisa mvutano kuhusu kazi na mvutano kati ya watu. Mvutano wa kazi unaweza hata kusaidia, kwa sababu unalazimisha jambo litazamwe vizuri. Ule wa watu unakula nguvu tu. Na wa kwanza hugeuka kuwa wa pili upesi sana pale mtu anapoanza kueleza kitendo cha mwenzake kwa tabia yake.

Hapo tukuombe usome tena barua yako. Kuhusu yeye umeandika: ni mtu wa kujionyesha, anapenda sifa. Kuhusu jibu lako mwenyewe umeandika: nilikuwa kazini tangu alfajiri. Yeye umempa tabia, wewe umejipa mazingira. Hukufanya hivyo kwa ubaya. Binadamu wote tuna mwelekeo huo, na Lee Ross aliueleza mwaka 1977 kuwa ni kosa la msingi katika namna tunavyowahukumu wengine. Lakini ndani ya mgogoro ni kosa ghali, kwa sababu ukishaamua kwamba shida ni tabia yake, dawa inayobaki ni kumbadilisha, na hakuna mtu aliyewahi kubadilishwa tabia kwenye kikao cha ofisini. Swali lako la "anabadilishwaje" tunaliweka pembeni kwa sababu hiyo. Uliza badala yake: mazingira yake ni yapi? Mkuu wa mauzo kwa kawaida anapimwa kwa kiasi kilichouzwa, na mteja anayeambiwa "kesho" anaweza kwenda kwingine leo. Wewe unapimwa kwa usahihi wa mzigo na kutoka kwa wakati. Kila mmoja wenu anaweza kuifanya kazi yake vizuri kabisa na bado akamharibia mwenzake. Inawezekana kweli anapenda sifa. Lakini hata angeondoka leo, atakayekuja kukalia kiti hicho ataanza kuleta oda saa tisa na nusu kabla mwezi haujaisha.

Kabla ya kumfuata, fanya kazi kidogo na wewe mwenyewe. Neno "hasira" ni pana mno, halikuelekezi pa kwenda. Kaa peke yako na karatasi, andika kilichokupata kwa jina lililo karibu zaidi. Katika barua yako tunasikia angalau mambo matatu. Kuna aibu, ile ya kuchekwa. Kuna kuonewa, kwa sababu sheria iliyobandikwa ukutani inavunjwa kwa simu moja tu. Na kuna uchovu, wa watu sita wanaofanya kazi ya saba kwa miezi minne. Kila moja inaomba kitu tofauti. Aibu inaomba heshima irudishwe mahali ilipovunjwa, yaani mbele ya watu, wala si chumbani. Kuonewa kunaomba kanuni inayoheshimiwa na wote, bosi akiwemo. Uchovu unaomba mtu wa saba, na huo hauna uhusiano wowote na kaka wa mauzo; ukimwaga juu yake utakuwa unamdai asichokuwa nacho. Kuipa hisia jina hakusaidii kupanga mawazo tu. Utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, uliona kwamba watu walipozitaja kwa maneno hisia walizoziona kwenye picha za nyuso, shughuli katika amigdala, sehemu ya ubongo inayoshtuka mbele ya hatari, ilipungua.

Jambo jingine la mwilini: jua dalili zako za kuchemka kabla hazijakufikisha kwenye maneno. Umetaja kukaza meno. Hiyo ni ya kwako, ishike. Wengine ni masikio kupata moto, sauti kupanda, mikono kutafuta cha kushika. Ukiiona, una muda mfupi tu wa kuchagua. Moyo ukishaenda mbio, masikio yanasikia shambulio tu. John Gottman, aliyechunguza wanandoa wakigombana huku wakipimwa mapigo ya moyo, alikuta kwamba mapigo yakivuka kama 100 kwa dakika mazungumzo ya maana hayawezekani, na alipendekeza mapumziko yasiyopungua dakika 20. Ninyi si wanandoa, lakini moyo ni uleule. Watu huharibu mapumziko haya kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoka bila kusema unarudi lini. Mwenzako anasoma umesusa, na ukirudi unamkuta amepanda zaidi. Sema: "Nimechemka, naomba nusu saa. Saa tano kasorobo nitakuwa hapa." Ya pili ni kuzitumia hizo dakika 20 kurudia hoja moyoni na kunoa jibu. Ukifanya hivyo mwili haupoi hata kidogo. Tembea, hesabu katoni, fanya kitu kinachohitaji macho na mikono.

Swali la tatu: nani aanze? Anza wewe, na tunakueleza kwa nini, maana hatutaki ufanye hivyo kama kafara. Yeye alikukosea, ndiyo. Ila maneno yako kwenye kundi hayakumgusa yeye peke yake, yaligusa idara nzima ya watu ambao wengi wao hawakusema lolote. Ndiyo hao sasa hawawapi vijana wako habari za oda kubwa. Sehemu hiyo ni yako, unaweza kuisafisha bila kusubiri yeye asafishe ya kwake, na ukishaisafisha hana tena cha kujifichia. Kuomba radhi kwa sehemu yako si kusema kwamba sehemu yake haipo.

Mwandikie yeye binafsi, bila nakala kwa mtu mwingine, kitu kifupi namna hii:

"Habari za leo, kaka. Niliyoandika kwenye kundi kuhusu idara yako hayakuwa sahihi. Nitayaondoa kwenye kundi leo. Naomba tukae dakika 45 Jumatano saa nne, chumba cha mikutano, tuangalie oda zinazoingia baada ya saa nane. Nitakuja na orodha, nawe njoo na ya kwako."

Zingatia kisichokuwemo. Hakuna "lakini na wewe", maana neno "lakini" baada ya kuomba radhi hufuta yote yaliyotangulia. Hakuna hoja ya oda ndani yake. Maelezo yanangoja ana kwa ana. Kwenye kundi andika mstari mmoja tu: "Nilichoandika kuhusu idara ya mauzo si sawa, nakiondoa. Suala la muda wa oda tunalishughulikia na mkuu wa mauzo." Usimtaje kwa kosa lake. Walioona ugomvi wataona na hili, na atajikuta yeye ndiye mwenye deni lililobaki hadharani.

Barua pepe zenye bosi kwenye nakala zikome leo, kwa upande wako, hata kama yeye ataendelea. Anayewekewa mtu wa tatu kwenye nakala anasoma kila neno kama ushahidi dhidi yake. Isitoshe, maandishi hayabebi sauti vizuri kama tunavyodhani: Justin Kruger na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba waandishi wa barua pepe huamini msomaji ataielewa sauti waliyokusudia vizuri zaidi kuliko anavyoielewa kweli. "Oda imepokelewa saa 9:40" kwako ni taarifa. Kwake, baada ya ugomvi huu, ni kidole kinachomnyooshea. Tumieni barua pepe kwa namba na tarehe peke yake. Chenye maelezo, piga simu au nenda ofisini kwake.

Karatasi ya kikao iandae kwa uangalifu, kwa sababu ndiyo itakayowazuia kurudi kwenye tabia za watu. Chukua oda zote za wiki nne zilizopita zilizopata tatizo, ziweke katika jedwali lenye safu tano: tarehe, saa oda ilipoingia, saa aliyoahidiwa mteja, saa mzigo ulipotoka, kilichokosewa. Usiweke neno la sifa hata moja. "Zembe", "ghafla" na "kama kawaida yao" yabaki nje. Na weka zile zilizoingia kabla ya saa nane lakini ghala likachelewa au likakosea. Kwenye barua yako hazimo, ila ghala lisilo na hata moja hatulijui. Usipoziweka wewe ataziweka yeye, na orodha yako yote itaonekana ya upendeleo. Kisha angalia jedwali linasema nini. Huenda nusu ya oda za jioni ni za wateja wawili tu, au zinajazana wiki ya mwisho ya mwezi wakati mauzo wanakimbiza malengo. Ukigundua hivyo, mgogoro umepungua ukubwa kabla hujafungua mdomo.

Kikaoni mwache aanze yeye. Tunajua ni vigumu, lakini mtu ambaye bado ana lake kifuani hasikii la mwenzake. Anasubiri tu zamu. Muulize: "Mteja akitaka mzigo leoleo, kwako hali inakuwaje?" Akimaliza, rudia alichosema kwa maneno yako: "Kwa hiyo unasema ukimwambia kesho, unaogopa kumpoteza, na malengo ya mwezi yanakukaba. Nimekupata?" Usisonge mbele mpaka aseme ndiyo. Akisema hapana, ni faida, utakuwa umegundua ulichokielewa vibaya. Kurudia si kukubali. Unaweza kuielewa hofu yake barabara na bado ukasema oda ya saa kumi haiwezekani.

Zamu yako ikifika, sema kilichoonekana, kilicholetwa na hicho, na unachoomba, kwa mpangilio huo. Kwa mfano: "Tarehe kumi na nne oda iliingia saa tisa na dakika arobaini, mteja ameahidiwa saa kumi na moja. Watu wawili walifungasha bila wa tatu kuhakiki, ndipo zikatoka katoni 12 badala ya 20. Naomba unipigie simu kabla hujamwahidi mteja." Linganisha na hili: "Wewe kila siku unatuletea oda usiku halafu unatulaumu." La pili lina makosa matatu. "Kila siku" si kweli, na atatumia dakika kumi kukutajia siku ambazo hakufanya hivyo. "Usiku" ni chumvi. Na "unatulaumu" limeleta ugomvi wa heshima ndani ya ugomvi wa oda.

Ugomvi wa heshima upewe nafasi yake peke yake, baada ya ule wa oda kupata muafaka au angalau nusu ya muafaka. Useme hivi: "Jumatatu uliposema stoo wamelala, watu wakacheka, niliaibika, na vijana wangu waliumia. Naomba useme kwenye kikao kijacho kwamba kosa lile lilitokana na muda wa oda na hakuna aliyelala." Ombi hilo ni dogo na linatekelezeka. "Naomba uniheshimu" haitekelezeki, kwa sababu hajui akifanya nini atakuwa ametimiza.

Tarajia mambo yaende mrama mahali fulani. Akisema, "Kwa hiyo mimi ndiye mbaya?" usimbembeleze wala usimthibitishie. Rudi kwenye karatasi: "Hapa hakuna mbaya, kuna oda tisa. Tuangalie ya tatu." Akicheka, usihukumu kwamba ni dharau, wengine hucheka wakibanwa. Akinyamaza, kunaweza kuwa kukubali, kuchoka au kukasirika, na usoni huwezi kuvitofautisha kwa uhakika. Uliza: "Umenyamaza, na sitaki kubahatisha. Unafikiria nini?" Ukiona meno yanakaza tena, tumia ile nusu saa. Na dakika 45 zikiisha hamjamaliza, simamisheni mpange siku nyingine. Kikao kinachovutwa kwa muda wa saa mbili huishia kwenye maneno ambayo mtu asingeyasema katika nusu saa ya kwanza.

Kuhusu muafaka wa oda tuna msimamo: msigawane nusu kwa nusu. Mkikubaliana kuusogeza mwisho kutoka saa nane hadi saa tisa, wote mtajiona mmetoa kitu, na baada ya wiki tatu oda zitaingia saa kumi na nusu. Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, waliotengeneza mwaka 1974 kipimo cha njia tano za kukabili mgogoro (kushindana, kukubali yaishe, kukwepa, kukutana katikati, na kushirikiana kutafuta suluhisho), hawakusema kukutana katikati ni bora kila mara. Kunafaa pale kinachogombaniwa kinagawanyika. Uhakiki wa katoni haugawanyiki. Ama umefanyika ama haukufanyika. Jaribuni mpango wa namna hii: saa nane inabaki ilivyo, nafasi mbili za dharura kwa siku mpaka saa tisa, kwa sharti kwamba mauzo wanapiga simu ghalani kabla ya kumjibu mteja, ghala linajibu ndani ya dakika kumi, ndiyo au hapana, kila mzigo wa dharura unahakikiwa na mtu wa pili hata kama dereva anapiga honi, kinachozidi hapo kinatoka wa kwanza asubuhi. Namba mzibadilishe kulingana na jedwali lenu.

Mpango huo hausimami bila bosi, na hapa tunakuwa wazi: "tukakae tumalizane" aliyowaambia haitoshi. Kila anaposema "wasaidie tu leo" yeye ndiye anayevunja kanuni yake mwenyewe, na kisha anawaachia ninyi mgombane juu ya vipande. Mwendeeni wote wawili, na ukurasa mmoja. Mwombeni mambo mawili. Kwanza, simu ya dharura ikimfikia, aulize kama nafasi mbili za siku zimejaa, na akiamua kupitisha ya tatu aandike ni oda gani nyingine inasogezwa kesho. Pili, nafasi ya mtu wa saba ijazwe, au apunguze kinachodaiwa kwa watu sita. La pili mwenzako akiliunga mkono, lina uzito mara mbili, maana mauzo nao wanaumizwa na upungufu huo. Na kuhusu lile la kupaniki, mwambie mkiwa wawili tu: "Ujumbe wa kundi ulikuwa kosa langu na nimeurekebisha. Ninachoomba ni uamuzi kuhusu oda za jioni, kwa sababu huo hauko mikononi mwangu."

Vijana wenu msiwasahau. Wameacha kupeana habari kwa sababu wameona wakubwa wakiaibishana kwa kosa moja, na mtu akiona hivyo hujifunza kuficha. Amy Edmondson aliandika mwaka 1999 kwamba timu hujifunza pale watu wanapoamini hawataadhibiwa kwa kusema kosa au kuuliza. Kikao cha dakika kumi, idara zote mbili, wasimamizi mmesimama pamoja, mweleze utaratibu mpya na mseme waziwazi kwamba anayetoa taarifa ya oda kubwa mapema anasaidia, hasaliti upande wake. Usiwaite vijana wako pembeni kuwaeleza toleo lako. Likivuja, na litavuja, mmerudi pale pale.

Kuna mpaka ambao yote haya hayafai kuuvuka. Kwa ulichoandika tunaona wafanyakazi wawili waliotupiana maneno. Lakini kama kuna vitisho, matusi ya jinsia, kuguswa, au kuandamwa kwa makusudi siku baada ya siku, usitumie akili ya hisia kuvumilia. Hayo ni ukatili na unyanyasaji kazini, na Shirika la Kazi Duniani liliyatungia mkataba wake, Namba 190, mwaka 2019. Hapo unaandika tarehe, maneno yenyewe na walioshuhudia, kisha unakwenda idara ya rasilimali watu au chama cha wafanyakazi. Usikubali kukalishwa chumba kimoja na mtu huyo "mmalizane".

Kama si hivyo, basi baada ya muafaka wekeni dakika 15 kila Ijumaa kwa wiki sita, ninyi wawili, kwa maswali matatu: dharura zilikuwa ngapi, simu zilipigwa kabla ya ahadi mara ngapi, na makosa ya ufungashaji yalikuwa mangapi. Wiki ya kwanza huwa nzuri kwa kuwa kila mtu anajikaza. Wiki ya tatu au ya nne ndiyo ya kuangalia: mtu amezoea, mwezi unaisha, na oda ya saa tisa na nusu inatokea bila simu. Siku hiyo usiseme "nilijua tu". Mpigie siku hiyohiyo, kabla ya jioni: "Hii imeingia bila simu. Kuna nini?" Huenda mteja alimbana, huenda alisahau, huenda kijana mpya hakuambiwa. Ukisubiri zifike tano ndipo uzitaje kwa pamoja, utakuwa umeshaanza tena kumhesabia tabia.